Karungu: Nani hubaki na mjane baada ya maziko?

Kando ya Ziwa Victoria, imani ya Kikristo imewapa wafiwa wengi ujasiri wa kukataa hofu ya mila. Lakini ujasiri huo hudumu pale tu ambapo kanisa halikuondoka pamoja na waombolezaji.

Na Mwandishi Wetu

Jumamosi ndiyo siku ya maziko Karungu. Tangu Ijumaa magari ya kubebea maiti huonekana kwenye barabara ya Rodi Kopany, yakipita Ndhiwa na kuteremka hadi Sori, mji wa Karungu ulio ukingoni mwa ziwa katika eneobunge la Nyatike, Kaunti ya Migori. Nyuma yake hufuata mabasi ya waombolezaji waliosafiri usiku kucha kutoka Nairobi wakiimba. Wasabato, ambao Jumamosi ni siku yao ya ibada, huzika siku nyingine, ila msafara ni ule ule.

Bomani karibu kila kitu ni cha kukodi: mahema, viti vya plastiki, jenereta, vipaza sauti. Ng'ombe ameshachinjwa. Mhubiri hushika maikrofoni, akimaliza humpa mwakilishi wadi, naye mwakilishi wadi hatamaliza mpaka mbunge afike. Katikati ya hotuba hizo hutoka ile kauli ambayo hakuna matanga ya Kenya yasiyoijua: kazi ya Mungu haina makosa. Watu huitikia amina.

Jumatatu mwenye viti huja kuhesabu viti vyake. Mjane hubaki na deni la dukani, watoto waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mashemeji wenye mazungumzo yasiyotaka kungoja.

Makala haya yanahusu Jumatatu hiyo. Kuwa watu wa Karungu wana imani, hilo halina ubishi, makanisa yamejaa. La kuuliza ni imani hiyo humfanyia nini mwanamke huyu wakati nyimbo zimekwisha.

Ukanda uliozoea kilio

Kisa cha kwanza cha Ukimwi nchini Kenya kilitambuliwa mwaka 1984. Rais Daniel arap Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, maboma mengi ya kando ya ziwa yalikuwa yameshazika baba na mama, na watoto walikuwa wakilelewa na nyanya zao.

Hata baada ya dawa kupatikana, ukanda huu umeendelea kuongoza kwa maambukizi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 uliojulikana kama KENPHIA ulikuta asilimia 4.9 ya watu wazima nchini wakiishi na virusi vya Ukimwi. Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6, Migori asilimia 13. Miaka 6 kabla ya hapo, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima watu wa Ndhiwa, majirani wa Karungu, na kukuta takriban 24 kati ya kila watu wazima 100 wana virusi.

Ukimwi haukuua peke yake. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku usio na mbalamwezi, taa zikielea juu ya maji, na dhoruba ikiwakuta huko wengine hawarudi. Huko Macalder, mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huporomoka. Malaria haijawahi kuondoka.

Mume akifa, mjane asiye na shamba la kutosha huteremka ufuoni kuuza samaki. Hapo hukutana na jaboya: mvuvi anayemwachia samaki kwa masharti ya kulala naye. Hivyo msiba mmoja huzaa mwingine, na wahubiri wengi huuona ule wa pili kama dhambi ya mwanamke tu.

Hofu iliyo nyuma ya kilio

Kwa mila ya Wajaluo, kaburi halimalizi kifo. Mjane huitwa *chi liel*, mke wa kaburi, na huwa na miiko: nyumba za watu asiingie ovyo, shamba asianze kulilima kabla ya wakati wake, mpaka apatikane *jater*, mwanamume wa ukoo wa marehemu atakayemrithi. Akivunja miiko hiyo, yeye au watoto wake watapatwa na *chira*, yaani wataanza kukonda, wataharisha, watapukutika na kufa.

Mtu yeyote aliyemuuguza mgonjwa wa Ukimwi miaka ya 1990 ataona mara moja tatizo lilikuwa wapi. Dalili za chira na dalili za Ukimwi zilikuwa zile zile. Mjane aliyeachiwa virusi na mumewe alipoanza kudhoofika, jamaa walisema amekiuka mila. Tiba ikawa kumleta jater. Jater akaondoka na virusi, akavipeleka kwa mke wake, na baada ya miaka michache boma lake nalo likawa na mahema.

Hapa ndipo ninapoona kazi kubwa ya imani katika eneo hili. Watu wa mbali wakisikia nguvu ya imani wakati wa majonzi hufikiria faraja: machozi kufutwa, moyo kutulia. Karungu faraja hiyo ipo, lakini kabla yake kuna jambo gumu zaidi. Mjane anahitaji kwanza kutoogopa. Anahitaji kuamini kwamba mtoto wake hatakufa kwa sababu mama alikataa kulala na shemeji.

> *Mjane anahitaji kuamini kwamba mtoto wake hatakufa kwa sababu mama alikataa kulala na shemeji.*

Wanawake waliookoka hulisema kwa namna yao: nimerithiwa na Yesu. Kauli hiyo ina mizizi katika uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuenea hadi Nyanza, ukiwataka waumini watangaze hadharani walichokiacha. Wasabato, waliofungua misheni yao ya Gendia mwaka 1906, waliongeza fundisho lililogusa hofu hiyo moja kwa moja: wafu wamelala mpaka ufufuo, hawajui lolote, kwa hiyo hawawezi kurudi kumdai mtu. Mwanazuoni anaweza kulijadili fundisho hilo mpaka jioni. Kwa mwanamke aliyekuwa akiogopa *jachien*, mzuka wa mumewe, lilimpa usingizi.

Pande mbili, Biblia moja

Wazee wanaoitetea mila hawasemi upuuzi. Wanauliza: mjane akikaa peke yake, nani atasimama naye ukoo ukikaa kugawa ardhi? Nani atamjengea nyumba, ilhali mwanamke kwa mila hainui nguzo ya nyumba bila mwanamume? Watoto watakaozaliwa wataitwa kwa jina la nani? Kurithi, kwa maelezo yao, kulikuwa bima ya mjane kabla ya kuwapo benki na mahakama. Tena asili yake jater alikuwa ndugu anayejulikana, mwenye mke na heshima yake, si mwanamume wa kukodi anayetoka boma moja hadi jingine.

Wengi wao ni Wakristo na Biblia wanaijua. Hutaja Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inayomwagiza ndugu amchukue mjane wa ndugu yake. Hutaja Boazi na Ruthu.

Upande wa pili hujibu kwa Paulo, aliyewaandikia Wakorintho kwamba mume akifa mke yu huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana. Neno zito hapo ni amtakaye.

Nami naongeza jambo kuhusu kitabu cha Ruthu. Kabla ya Boazi palikuwa na jamaa wa karibu zaidi, ambaye aliposikia kuna shamba la kukomboa alikubali papo hapo. Alipoambiwa shamba linakuja na mjane, alirudi nyuma, akihofia urithi wake mwenyewe. Jamaa wa aina hiyo wapo Nyatike pia, na hawana habari kwamba wameshaandikwa.

Sheria imechagua upande. Katiba ya mwaka 2010 inabatilisha mila yoyote inayopingana nayo. Sheria ya Kinga Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015 inataja waziwazi kurithi wajane kwa nguvu na kuwatakasa wajane kuwa unyanyasaji. Lakini sheria iko Nairobi na shemeji yuko mlangoni. Kinachomsaidia mjane usiku huo ni akina mama wa jumuiya wanaokuja kulala naye bomani, wakiomba na kuimba mpaka alfajiri. Mbele ya kundi hilo, hata mzee mkali huanza kutafuta njia ya kati. Siku hizi kuna wanaoridhika na ishara tu, kama koti la mwanamume kutundikwa ndani ya nyumba.

Makanisa yenyewe si safi. Yapo yanayohubiri dhidi ya kurithi wajane asubuhi na kufumba macho jioni, hasa ikiwa ukoo husika ndio uliotoa mabati ya paa la kanisa. Mjane aliyekataa kurithiwa kwa kutegemea mchungaji, kisha mchungaji akanyamaza, huachwa pabaya kuliko yule ambaye hakukataa.

Ziwa lisiporudisha mwili

Kuna msiba ambao hata mahubiri mazuri huukwepa: wa mvuvi ambaye mwili wake haukupatikana. Jamaa huzunguka fuo siku kadhaa. Wavuvi wenzake huacha nyavu na kusaidia kutafuta. Siku zikipita bila kitu, wazee huleta tunda la mvungunya, *yago* kwa Kijaluo, lile refu lenye umbo la kiwiliwili, na kulizika kaburini badala ya marehemu.

Mapadri na wachungaji wameparurana muda mrefu juu ya tunda hilo. Wakali husema ni ushirikina, hawatasoma sala juu ya tunda. Wengine husimama kando ya kaburi na kuendesha ibada yao, kwa hoja kwamba wanamwombea mtu na familia yake, na tunda ni shauri la wazee. Mimi niko na hawa wa pili. Mama aliyempoteza mwana ziwani anahitaji mahali pa kwenda kulia. Kanisa lisilompa mahali hapo lisimnyang'anye alipopapata.

Isitoshe, serikali humchelewesha mfiwa huyu kuliko mila inavyomchelewesha. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya humhesabu mtu kuwa amekufa iwapo hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake. Ukoo humaliza matanga kwa siku chache, lakini mjane asipopata hati ya kifo hawezi kugusa akaunti ya mumewe wala kubadilisha jina kwenye hati ya shamba. Miaka hiyo yote anatarajiwa kuwa mwenye subira, na wanaomhubiria subira ni wengi kuliko wanaompeleka mahakamani.

Machozi yaliyofukuzwa kanisani

Wajaluo hulia kwa sauti. *Nduru* ya kwanza hupigwa na wanawake, na jirani wa boma la pili akiisikia hujua kumetokea nini. Wanaume hufanya *tero buru*, wakikimbiza ng'ombe na kubeba mikuki na fimbo kukifukuza kifo nje ya kijiji. Wamisionari wa mwanzo, Wakatoliki na Waprotestanti, waliliona jambo hili kuwa la kipagani. Waliwafundisha waongofu wao kwamba Mkristo hulia kwa kiasi, maana ana tumaini.

Fundisho hilo limeacha jeraha. Mpaka leo kuna mjane anayeambiwa asilie sana, eti machozi mengi ni kukosa imani. Kuna mama aliyezika mtoto na kuambiwa Mungu amempenda zaidi, kana kwamba yeye alimpenda kidogo. Wasemaji hawana nia mbaya, wanaogopa kimya. Lakini Biblia wanayoishika haikubaliani nao. Zaburi nyingi ni malalamiko. Ayubu alibishana na Mungu sura baada ya sura. Naomi aliporudi Bethlehemu bila mume na bila wana alikataa jina lake, akataka aitwe Mara, na akasema wazi kwamba Mwenyezi ndiye aliyemtendea machungu. Hakuna aliyemkemea. Na Yesu, ambaye alijua atamfufua Lazaro, alilia kwanza.

Historia ya eneo hili ina mfano wake. Mwaka 1963 mwanamke kijana aitwaye Gaudencia Aoko alipoteza watoto wawili kwa siku moja. Kutoka kwenye msiba huo alianza kuhubiri dhidi ya uchawi, na kwa muda mfupi alikuwa akivuta umati mkubwa Nyanza, bega kwa bega na Simeo Ondeto, katika harakati iliyojitenga na Kanisa Katoliki na kuwa Legio Maria. Ondeto alifariki mwaka 1991 na kuzikwa Got Kwer, katika kaunti hii hii ya Migori, na waumini wenye kanzu za rangi mbalimbali huhiji huko hadi sasa.

Unaweza kuikataa teolojia ya Legio, na wengi wanaikataa. Usichoweza kukataa ni kwamba Aoko alipewa nafasi ya kulia na kunena, na wanawake waliofiwa wakamfuata kwa sababu alikuwa mmoja wao.

> *Wasemaji hawana nia mbaya, wanaogopa kimya. Lakini Biblia wanayoishika haikubaliani nao.*

Faraja yenye dawa na paa

Mahali ambapo kanisa limefanya kazi ya Jumatatu kwa muda mrefu Karungu ni Hospitali ya Misheni ya St. Camillus, Sori, chini ya mapadri Wakamiliani, katika Jimbo Katoliki la Homa Bay. Shirika lao lilianzishwa Roma karne ya 16 na Camillus wa Lellis, mwanajeshi na mcheza kamari aliyekuwa na kidonda cha mguu kisichopona, aliyeokoka na kuamua kuwauguza wengine. Watawa wake huweka nadhiri ya 4 juu ya zile 3 za kawaida: kuwahudumia wagonjwa hata kwa kuhatarisha uhai wao.

Hospitali ikazaa Dala Kiye, boma la yatima, ambako watoto wenye virusi waliofiwa na wazazi walilelewa, wakapewa dawa na kusomeshwa. Kuna tofauti kati ya kumwambia yatima kwamba Mungu ni baba wa yatima na kumpa kitanda. Waliofanya la pili wana haki ya kusema la kwanza.

Upande wa pili wa shilingi wapo waganga wa imani wanaowinda wafiwa. Humwambia mgonjwa aliyezika mwenzi wake aache dawa za kupunguza makali ya virusi, aamini tu. Nchi iliona mwaka 2023 huko Shakahola, Kilifi, imani ya aina hiyo inakoishia: miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Na si mambo ya Pwani pekee. Aprili 2025 polisi waliingia katika kanisa moja huko Opapo, Rongo, katika kaunti hii hii ya Migori, wakakuta watu makumi wakiishi humo na waliokufa wamezikwa ndani ya uwanja. Kufa kufaana, walisema wahenga, na baadhi ya wanaofaidika huvaa kola.

Mwaka huo huo msaada wa Marekani uliyumba. Januari 20 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kliniki za Kenya zilizotegemea PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi ulioanzishwa 2003, zikapoteza wahudumu. Kando ya ziwa, mhudumu aliyesimamishwa kazi mara nyingi ndiye aliyekuwa akiwatembelea wajane nyumbani. Pengo hilo haliwezi kujazwa na mahubiri, ila linaweza kupunguzwa na washirika wenye miguu.

Saa 72 na baada yake

Waziri mkuu wa zamani Raila Odinga, aliyeitwa Baba na wafuasi wake, alipofariki Oktoba 15, 2025, familia ilisema aliacha wosia azikwe ndani ya saa 72. Siku 4 baada ya kifo chake alikuwa ameshazikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo, kwa ibada ya Kianglikana. Kwa jamii inayoweza kumweka marehemu mochari wiki tatu huku harambee ikiendelea, lilikuwa jambo kubwa. Wengi sasa husema: ikiwa Baba alizikwa upesi, nani hawezi?

Naliunga mkono wazo hilo, kwa sharti moja. Fedha zinazookolewa zisirudi mifukoni mwa wachangaji. Zimfuate mjane.

Wasomaji walio viongozi wa makanisa Nyatike, Ndhiwa na Gwassi, hili ni ombi kwenu. Kanisa la Yerusalemu lilipoona wajane wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, liliteua watu 7 wa kushughulikia jambo hilo tu. Teueni wenu. Wajue njia ya kliniki na wawe tayari kumsindikiza mgonjwa asiache dawa. Wajue njia ya mahakama: Sheria ya Urithi inafanya kazi tangu 1981 na inamtambua mjane, lakini haijitekelezi yenyewe. Mjane anahitaji hati ya kifo, kisha barua ya chifu inayowataja warithi wote, kisha ombi mahakamani, na tangazo katika gazeti rasmi la serikali linalowapa wapinzani siku 30 za kujitokeza. Hatua hizo ndizo zinazomshinda mtu aliyefiwa asiye na wa kumwongoza, na ndizo mashemeji wanazotegemea azishindwe.

Anzeni na barua ya chifu. Ni huduma ya serikali, haipaswi kulipiwa, na mjane asiende kuichukua peke yake.